Msidanganywe na unene wa mafunjo

Mhariri,

Msomaji mmoja wa hapa Kisumu aliandika katika gazeti hili kwamba majitaka yanayomwagwa kwenye mafunjo kando ya Ziwa Victoria hayana neno, kwa kuwa kinamasi hujisafisha chenyewe, na kwamba asiyeamini aende ajionee jinsi mafunjo yalivyonawiri. Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu viongozi wetu hupokea kwa mikono miwili hoja yoyote isiyohitaji bajeti.

Nilifundisha Biolojia katika shule za huku hadi nikastaafu, na nyumba yangu iko Nyalenda, kwa hivyo mafunjo hayo nayajua. Yamenenepa kweli, hasa pale mtaro unapoingia. Lakini shemeji yangu, ambaye hususa kazi zote ila kusuka vikapu na mikeka, hayataki. "Mwalimu," huniambia, "togo, yaani mafunjo, ya mtaroni ni ya kupigia picha. Ukiikunja inakatika." Yeye hupanda mtumbwi akaenda upande wa ndani kutafuta yale membamba.

Sisemi msusi mmoja ni utafiti. Utafiti upo, ingawa ulifanywa mbali, kwenye vinamasi vya chumvi vya pwani ya Massachusetts, Marekani, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka juu ya tope lililoota nyasi. Pale Plum Island, Linda Deegan na wenzake walitia virutubisho, hasa nitrati, katika maji yaliyokuwa yakipanda vijitoni, msimu baada ya msimu, kwa miaka 9. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la Nature. Nyasi ziliongeza majani. Mpita njia angezisifu. Mizizi ndiyo iliyopungua, kwani mmea unaopata chakula bila kukitafuta hausumbuki kuotesha mizizi mingi. Na bakteria wa topeni, ambao kwa kukosa oksijeni hupumulia salfati, chumvi ya salfa iliyomo katika maji ya bahari, sasa walipata nitrati, inayowapa nguvu zaidi. Wakaitumia kumeng'enya mizizi iliyokufa na mboji, yaani vitu vilivyokuwa vimeshikilia kingo. Mwishowe kingo zikafanya nyufa na kuporomokea vijitoni, nyasi zake nzuri zikiwa bado juu.

Kuna kinamasi kingine katika jimbo hilo hilo, Great Sippewissett, ambacho vipande vyake vimekuwa vikitiwa mbolea tangu miaka ya 1970. Mwaka wa 2016 watafiti waliripoti kwamba mbolea ile ilifanya bakteria wengi wa topeni walale. Ukihesabu aina zote zilizomo, unaweza kudhani hakuna kilichobadilika. Ukitafuta zinazofanya kazi, unakuta zimepungua. Sasa namuuliza msomaji mwenzangu: kinamasi kikijisafisha, anayekisafisha ni nani kama si bakteria hao?

Ziwa letu si bahari, nalijua hilo. Maji yake hayana chumvi, salfati ni kidogo, na sehemu kubwa ya mafunjo huelea juu ya mizizi yake iliyosukana, kwa hivyo sitabiri kwamba kinamasi chetu cha Dunga kitapasuka nyufa. Hofu yangu ni fosforasi, kirutubisho kingine kilichomo katika majitaka na mbolea. Nitrati ina njia ya kutokea: bakteria wa tope huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni ikarudi hewani, na hiyo ndiyo nusu ya ukweli niliyoitaja. Fosforasi haina njia hiyo. Ikiingia hukaa, sehemu ikinyonywa na mimea na sehemu kubwa ikishikiliwa na madini ya chuma yaliyomo topeni. Iking'ang'aniwa hapo hatuioni, tunasema maji yamesafika.

Mtu anayetaka kuona kwa macho yake hahitaji maabara. Nilikuwa nikiwafanyisha wanafunzi jambo hili: kata kitako cha chupa ya plastiki, ondoa kifuniko, isukume polepole kwenye tope la ukingoni penye maji machache, kisha funga kifuniko kwa nguvu na uivute. Tope litapanda nayo. Juu kabisa utaona utando wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemka. Huo ni mwani wa topeni, hasa diatomu, nao mchana hutoa oksijeni. Chini yake kuna tabaka la rangi ya kutu, ambalo ni chuma kilichokutana na oksijeni hiyo. Tabaka hilo ndilo linaloizuia fosforasi isipande. Kisha ni weusi mtupu, na ukiusogeza puani unanuka yai bovu. Sasa rudia mtaroni. Utando hakuna, kutu hakuna. Weusi umefika hadi juu, unagusana na maji, na ukichoma fimbo mapovu yanatoka.

Kilichotokea pale ni hiki. Maji yalipojaa virutubisho yalifanya mwani wake mwenyewe, yakawa ya kijani, mwanga ukashindwa kufika chini. Mwani wa topeni ukafa. Ule wa juu nao ulipokufa ulizama, bakteria wakaula na kumaliza oksijeni iliyobaki. Bila oksijeni chuma huilegeza fosforasi, nayo hupanda kwenda kulisha ukijani ule ule ulioanzisha balaa. Hata mabomba yote ya majitaka yakizibwa leo, tope litaendelea kuitoa fosforasi hiyo kwa miaka. Tena Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na huungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, kwa hivyo kinacholetwa na Mto Nyando na mitaro yetu hakiendi haraka. Baadhi ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, wanaochafua maji ya ghuba hii, kama Anabaena, hujichukulia nitrojeni hewani. Kinamasi kikiondoa nitrati peke yake hakijawanyima kitu.

Magazeti nayo, na hili likiwemo, msiniwie vibaya, kila mwaka hutuletea picha ya gugumaji na boti zilizokwama. Gugumaji ni tatizo, lakini hutoka kwenye chungu hicho hicho cha virutubisho.

Ninachoomba kwa serikali ya kaunti ni kwamba kinamasi kisihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo wa kusafishia majitaka katika mpango wowote. Majitaka yaondolewe fosforasi kabla ya kuyafikia mafunjo, wala si ndani yake. Wapimaji wanapokuja na chupa za kuchotea maji, wachukue na tope pia, mtaroni na mbali na mtaro, na matokeo yabandikwe katika banda la kila ufuo, mahali wavuvi wanapopimia samaki, kwa lugha wanayoisoma. Huko juu, Nandi na uwanda wa Nyando, wakulima washauriwe wasimwage mbolea yote siku moja mvua kubwa ikikaribia, kwa maana fosforasi husafiri na udongo unaosombwa.

Kwa sasa, wanaochota maji ufuoni wajue jambo moja. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi mikrosistini, sumu ya ini inayotengenezwa na sayanobakteria kama Microcystis. Huweza hata kupasua chembe zao na kuiachilia zaidi majini. Pakiwa na utando wa kijani, msichote hapo, wala msiwanyweshe ng'ombe. Afadhali kununua mtungi kioskini siku hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Nyalenda, Kisumu