Barua kwa mwanangu: Askari asiye na jina

Mwanangu mpenzi,

Makala yako juu ya Claude Cahun nimeisoma yote. Tarehe zako ziko sawa. Tatizo ni kwamba umeikata habari vipande viwili: huku msanii wa Paris aliyejipiga picha akiwa na sura kila namna, kule mpinzani wa Wanazi kisiwani Jersey, kisiwa kidogo chini ya Taji la Uingereza karibu na pwani ya Ufaransa. Ukiziacha zimetengana hivyo, msomaji atadhani vita ndivyo vilivyomfundisha ujasiri. Ujuzi wa kazi ile ya kisiwani alikuwa nao mikononi tayari.

Anza na jina. Alizaliwa Nantes, Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1894, akaitwa Lucy Schwob; Claude Cahun ni jina alilojichagulia baadaye. Claude kwa Wafaransa ni jina la mwanamume na la mwanamke pia. Cahun ni la ukoo wa bibi yake mzaa baba. Sasa, pale ulipoandika "mwanamke aliyejifanya mwanamume", futa. Hakujifanya. Katika kitabu chake cha mwaka 1930 ameeleza kuwa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike ndiyo pekee inayomfaa siku zote. Kwa Kifaransa kuandika hivyo ni mapambano, maana lugha inadai jinsia karibu kila kivumishi. Wewe unaandika Kiswahili: yeye, alikwenda, alipenda. Lugha yako haikufungi, basi usijifunge mwenyewe.

Halafu itazame vizuri ile picha ya mnamo 1928, ya kioo. Nywele zimenyolewa karibu na ngozi, koti ni la miraba miraba, kola ameishika kwa mkono. Uso wake unatukabili sisi. Uso wa kwenye kioo unatazama kwingine na shingo imebaki wazi. Mtu mmoja, nyuso mbili, na hakuna hata moja unayoweza kusema ni ya uongo. Eleza hilo kwa aya nzima, kwa sababu ndilo litakalokuvusha hadi Jersey.

Na usimwache Marcel Moore pembeni kama msaidizi. Jina lake la kuzaliwa ni Suzanne Malherbe, mchoraji, mwenzi wa Cahun maisha yote. Walikuwa wameshapendana kabla baba wa Cahun hajamwoa mama wa Moore mwaka 1917. Mwaka 1937 walihamia Jersey, katika nyumba iliyopakana na kanisa na makaburi ya St Brelade. Wajerumani waliingia kisiwani Julai 1940.

Sehemu ya upinzani umeimaliza kwa sentensi mbili. Ipanue, ueleze kazi ilivyofanyika. Cahun alisikiliza habari za BBC, jambo ambalo baada ya redio kupigwa marufuku mwaka 1942 lilikuwa kosa la kufungwa. Habari ziligeuzwa kuwa vijembe, mashairi mafupi, mazungumzo ya askari wawili waliochoka. Moore, aliyejua Kijerumani vizuri, ndiye aliyetafsiri. Kisha taipureta. Unapanga karatasi nyembamba, katikati ya kila mbili unaweka karatasi ya kaboni, ile ya kutolea nakala, rundo lote unalizungusha kwenye rola, na kila herufi unaigonga kwa nguvu. Karatasi ikiwa nene, nakala ya tatu tayari haisomeki. Ikiwa nyembamba, pigo la herufi linafika chini zaidi, na kikaratasi kinakunjika hadi kuingia ndani ya pakiti ya sigara. Ndimo walimoviingiza, na katika mifuko ya makoti, ndani ya magari, katikati ya kurasa za magazeti. Wajerumani walipozika wenzao hapo jirani, vikaratasi viliachwa makaburini. Sarafu nazo waliziandika kwa rangi ya kucha: vita vikome.

Chini ya vikaratasi kulikuwa na sahihi moja: Der Soldat ohne Namen, Askari asiye na jina. Hapa ndipo makala yako iweke uzito wote. Kipeperushi cha adui askari hukitupa, lakini maneno ya mwenzake wa bwenini humkaa moyoni. Na mkubwa wake naye anaanza kuwashuku watu wake mwenyewe. Ila sauti hiyo haiigwi ovyo. Kijerumani kikilegea sentensi moja tu, au mzaha ukinuka ugeni, askari anajua mara moja kwamba huyu si mwenzetu. Waliweza kwa kuwa walikuwa wamezoea kwa miaka zaidi ya 20 kuivaa sura nyingine bila kuiigiza. Hata walipokamatwa, tarehe 25 Julai 1944, wakuu wa kijeshi hawakuamini kwamba kazi yote hiyo ni ya watu wawili wa makamo.

Usilipambe lililofuata. Walikuwa wameweka vidonge vya kujiua, wakavimeza, wakanusurika. Tarehe 16 Novemba walihukumiwa kifo. Februari 1945 hukumu ya kifo ikaondolewa, na tarehe 8 Mei wakatoka gerezani. Nyumba ilikuwa imeporwa na kazi zao nyingi za sanaa zimeharibiwa. Afya ya Cahun haikurudi. Alifariki 8 Desemba 1954 na kuzikwa hapo hapo St Brelade. Moore alifuata mwaka 1972, jiwe lao ni moja.

Picha ya mwisho uliyochagua, ya kaburi, iondoe. Weka ya Mei 1945. Cahun amesimama nyumbani, kitambaa kichwani, amekwishazeeka, anatazama kamera moja kwa moja kama alivyoitazama mwaka 1928. Katikati ya meno ameng'ata beji ya Wanazi, ile yenye tai. Ikuze hadi beji ionekane.

Nitumie tena ukimaliza, kabla ya Ijumaa.

Mama yako