Jammeh akabidhiwe, na Bunge letu liridhie mkataba dhidi ya mateso

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua niseme jambo kuhusu Yahya Jammeh, rais wa zamani wa Gambia, ambaye tangu Januari 2017 anaishi Equatorial Guinea chini ya hifadhi ya Rais Teodoro Obiang Nguema. Kila habari zake zinaposikika redioni, hoja zinazotolewa hapa Kongwa huwa ni mbili: kwamba aliondoka kwa makubaliano, kwa hiyo ahadi aliyopewa itimizwe, na kwamba Mwafrika hamtoi mgeni wake. Hoja hii ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu wanaoisema ni watu wenye nia njema, na wanaisema katika wilaya inayojua kupokea wageni.

Kuanzia mwaka 1964, kwenye ardhi iliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza, Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO, ANC na vyama vingine vya kusini mwa Afrika. Samora Machel alikaa hapa. Wapo waliofia hapa, na makaburi yao tunayo. Watawala wa makwao waliwaita wahalifu, Tanzania ikakataa kuwatoa, na ilifanya sawa, kwa kuwa watu wale walikuwa wakimkimbia mtawala. Jammeh ndiye aliyekuwa mtawala, kwa miaka 22, na wanaomtafuta leo ni wajane, yatima na watu waliotoka mahabusu na makovu. Kuyaweka mambo haya mawili chini ya jina moja la ukarimu ni kuwakosea heshima waliolala katika makaburi hayo.

Jammeh hajahukumiwa na mahakama yoyote, na mimi, niliyekuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, sitamhukumu gazetini. Lakini tuhuma zenyewe si uvumi wa mitaani. Tume ya Ukweli, Maridhiano na Fidia ya Gambia ilisikiliza mamia ya mashahidi hadharani kuanzia Januari 2019 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2021. Miongoni mwa mashahidi walikuwamo askari wa kikosi kilichojulikana kama Junglers, ambao walieleza mbele ya kamera jinsi walivyoua, akiwamo mhariri Deyda Hydara aliyepigwa risasi Desemba 2004 akirudi nyumbani kutoka kazini. Tume ilielezwa pia habari za wahamiaji wa Afrika Magharibi zaidi ya 50, wengi wao Waghana, waliokamatwa mwaka 2005 wakiwa njiani kuelekea Ulaya na kuuawa kwa kudhaniwa kuwa wamekuja kupindua serikali. Ilielezwa habari za wagonjwa wa UKIMWI walioachishwa dawa za hospitali kuanzia mwaka 2007 ili wanywe mitishamba ya rais. Tume ikapendekeza ashtakiwe, na serikali ya Gambia ikaukubali ushauri huo Mei 2022.

Baadhi ya waliomtumikia wamekwishahukumiwa ugenini. Waziri wake wa mambo ya ndani, Ousman Sonko, alipewa kifungo cha miaka 20 nchini Uswisi Mei 2024, na Michael Correa, aliyekuwa katika kikosi kile kile cha Junglers, alitiwa hatiani Marekani Aprili 2025 kwa kuwatesa watu waliotuhumiwa kupanga mapinduzi ya mwaka 2006. Bosi wao yuko Equatorial Guinea.

Kuhusu makubaliano nitasema kwa kifupi. Tamko la pamoja la Umoja wa Afrika, ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) na Umoja wa Mataifa la tarehe 21 Januari 2017 lilizungumzia usalama na heshima ya Jammeh kama rais mstaafu. Halikumsamehe mtu kosa la kuua wala la kutesa. Mwizi wa ng'ombe akitoka Kongwa akajificha kwa shemeji yake Kiteto, hakimu hamwambii mwenye ng'ombe asubiri mpaka shemeji atakapomchoka mgeni.

Sheria nayo haiko kimya. Equatorial Guinea imejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso tangu mwaka 2002, yaani kabla ya mateso ya mwaka 2006, na mkataba huo unaitaka nchi aliko mtuhumiwa kuchagua moja kati ya mawili: imkabidhi kwa nchi inayomtaka, au ipeleke shauri lake kwa waendesha mashtaka wake yenyewe. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitamkia Senegal hivyo hivyo Julai 2012 katika kesi iliyofunguliwa na Ubelgiji kuhusu Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, na ikakataa kisingizio cha ukosefu wa fedha. Habré alikuwa amekaa Dakar tangu Desemba 1990. Waathirika, wakiwamo waliopitia gereza lililotengenezwa ndani ya bwawa la kuogelea la enzi za Wafaransa mjini N'Djamena, walihangaika tangu mwaka 2000, mara wakiambiwa mahakama za Senegal hazina mamlaka, mara ombi la Ubelgiji la kukabidhiwa Habré likikwama. Habré alihukumiwa kifungo cha maisha Mei 2016, na mahakama iliyomhukumu ilikaa Dakar, ikiwa na majaji wa Kiafrika. Wanaodai kwamba kesi za namna hii ni njama za Wazungu wangeanza kwa kuisoma hukumu ile.

Safari hiyo ilipita kwetu pia. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ya Desemba 2009, ilihusu jaribio la raia mmoja wa Chad la kuizuia Senegal isimshtaki Habré, na kesi yake ilitupwa kwa sababu Senegal haikuwa imetoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko. (Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, iliondoa tamko lake la aina hiyo Novemba 2019, jambo linalostahili barua yake lenyewe.) Na mkutano wa Umoja wa Afrika ulioiagiza Senegal imshtaki Habré kwa niaba ya Afrika ulifanyika Banjul, mji mkuu wa Gambia, Julai 2006. Mwenyeji wake alikuwa Jammeh.

Sasa kisingizio cha kukosa mahakama kinaondoka. Desemba 2024 wakuu wa ECOWAS waliidhinisha kuundwa kwa mahakama maalumu ya Gambia. Kinachohitajika ni Malabo, yaani serikali ya Equatorial Guinea, kumtoa mtuhumiwa, na Malabo haitamtoa bila kusukumwa na serikali za Kiafrika. Tanzania ina sababu ya kuwa miongoni mwa zinazosukuma. Idi Amin, aliyeivamia Kagera mwaka 1978, alifia Jeddah Agosti 2003 bila kusimama kizimbani hata siku moja, na wapo wazee hapa Dodoma waliopigana vita ile ambao hawajawahi kusikia akisomewa shtaka.

Tatizo ni kwamba tukifungua mdomo leo, Malabo inaweza kutuuliza swali ambalo hatuna jibu lake: Tanzania yenyewe haijauridhia Mkataba dhidi ya Mateso. Kesho mtawala mwenye tuhuma kama hizi akitua hapa kwetu, hatutabanwa na wajibu ule ule tunaotaka wengine wautimize. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na Bunge linakaa hapa Dodoma. Nawaomba wabunge wa mkoa huu, katika mkutano ujao, wamuulize Waziri wa Katiba na Sheria ni lini mkataba huo utaletwa mezani, na wamuulize Waziri wa Mambo ya Nje Tanzania ina msimamo gani kuhusu Jammeh kukabidhiwa kwa mahakama hiyo maalumu. Majibu yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

Karani mstaafu wa mahakama,
Kongwa, Dodoma