Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: mfungwa anapohamishwa, nyumbani kwao waambiwe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FAMILIA KUJULISHWA MFUNGWA ANAPOHAMISHWA GEREZA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kibosho, Wilaya ya Moshi, na mdogo wangu wa kiume anatumikia kifungo cha miaka saba. Sikuandikii kupinga hukumu. Alikosa, mahakama ilimsikiliza, nasi nyumbani tuliipokea adhabu yake kwa uchungu lakini bila kinyongo. Ninaleta kwako ombi moja tu, kwamba mfungwa anapotolewa gereza moja na kupelekwa jingine, ndugu zake waambiwe yuko wapi.

Mama yetu ana umri wa miaka 71. Kwa miaka miwili alikuwa akienda kumsalimia mwanawe kila alipopata nauli. Mwezi Mei, masika yakiwa yameharibu barabara yetu ya huku juu, aliuza mikungu miwili ya ndizi, akashuka Moshi mjini na mvua, akapanda gari jingine mpaka kwenye gereza ambalo sitalitaja, akiwa amebeba mche wa sabuni, dawa ya meno na jozi ya ndala. Askari wa getini alimpokea kwa heshima, akamwonyesha benchi akae, akapitisha kidole kwenye daftari, kisha akasema, "Mama, huyu hayupo."

Naomba usimame nami kidogo katika neno hilo. Mama alishawahi kuambiwa hivyo mara moja maishani, wodini, asubuhi alipompelekea baba uji, na baba alikuwa amefariki usiku. Kwa hiyo pale getini hakuuliza swali la pili. Alikaa chini kwenye matope. Ni baada ya kuanza kulia ndipo alipoelezwa kwamba mwanawe amehamishwa, na kwamba askari yule hana ruhusa ya kumwambia amepelekwa wapi. Simlaumu askari, maana alikuwa akifuata utaratibu aliopewa, na ni utaratibu wenyewe ninaoomba urekebishwe.

Tulikaa siku 41 bila kujua. Mama aliacha kula chakula cha jioni, na maneno ya kumfariji yalikuwa yamekwisha, kwa kuwa hata mimi sikuwa na uhakika wa ninalomwambia. Habari ililetwa na kijana aliyemaliza kifungo chake, aliyekuwa ameshikilia kichwani namba yangu ya simu, akanipigia akiwa stendi: mdogo wangu yuko gereza la mkoa mwingine, safari ya basi ya siku nzima, ni mzima na anatusalimia. Nilipofika huko mwezi Julai nilimkuta amekonda, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ametukosea nini tena, hata tumemwacha. Alikuwa amehesabu siku za kutembelewa zilizopita bila jina lake kuitwa.

Mheshimiwa, kwa sisi watu wa mlimani mambo ya ukoo huamuliwa mwezi Desemba, watoto wote wanapokuwa wamerudi nyumbani, nayo mengi ni ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa: nani apalilie wapi, kahawa ipi ing'olewe, mpaka upite kwenye sale gani, mmea tunaoweka alama za mipaka. Mdogo wangu amekuwa akishiriki kwa barua, ambayo hupita kwa anuani ya parokia kwa kuwa hatuna sanduku letu la posta, na kaka zake humsomea mama kwa sauti. Anayo sehemu yake, na mama ameitunza migomba yake. Mtu ambaye bado anaulizwa habari za kihamba chake anajua kwamba anasubiriwa. Uzi huo ukikatika kwa mwaka mmoja tu, atakayetoka gerezani atarudi kama mgeni kwenye ua aliozaliwa, na sijui urekebishaji wa mfungwa utakamilika vipi kwa namna hiyo.

Msaidizi wa kisheria mjini Moshi alinionyesha Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha tarehe 17 Desemba 2015 na kuzipa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 68 inasema mfungwa ana haki ya kuijulisha familia yake mara moja, na kupewa njia ya kufanya hivyo, anapofungwa, anapohamishwa na anapougua au kuumia vibaya. Ya 59 inataka wafungwa, kadiri inavyowezekana, wawekwe karibu na kwao. Natambua kwamba kanuni hizi si mkataba unaozibana nchi, na natambua pia kwamba magereza hujaa na watu hulazimika kuhamishwa.

Wala siombi tuambiwe kabla ya safari, maana naelewa sababu za usalama. Naomba kwamba mfungwa akishapokelewa anakopelekwa, ofisa wa mapokezi apige simu moja au atume ujumbe mfupi kwa ndugu aliyeandikwa kwenye faili, ndani ya siku moja. Kwa familia isiyo na simu, ujumbe upitie kwa mtendaji wa kijiji, ambaye sisi wote tunamfahamu na anatufahamu. Na ndugu anayefika getini akiwa amechelewa kupata habari, aambiwe jina la gereza alipo mtu wake, ili asirudi nyumbani na neno "hayupo" peke yake.

Namba ya simu ya mama niliiandika kwenye karatasi na kuiacha dirishani kwa ofisa wa mapokezi wa gereza alipo sasa mdogo wangu. Akihamishwa tena, naomba ipigwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mfungwa,
Kibosho, Moshi.