Mwiba wa Mjomba

Dodoma,
Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Nifikishie shikamoo kwa Mama. Sisi huku tu wazima, vumbi na upepo ndio vinatutesa.

Uliniuliza kwenye simu imekuwaje mwiba mmoja umlaze Mjomba mahututi, na damu ya mtu igandeje huku inavuja. Siku ile nilikuwa koridoni, roho juu juu, sikukujibu vizuri.

Alikuwa anatengeneza ua wa zizi kule Mpwapwa, mwiba wa mgunga ukamzama unyayoni. Akauchomoa, akaendelea na kazi. Siku ya tatu mguu ukavimba, mwekundu na wa moto. Hapo, Rehema, mwili ulikuwa bado unamtetea. Bakteria wakiingia, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinawatambua na kupiga mbiu. Mishipa ya pale inatanuka, kuta zake zinalegea kidogo ili chembe hizo zipite ziende kidondani. Na damu inaganda kuzunguka pale, bakteria wanase wasisambae. Mimi nilidhani kuvimba na kuganda kwa damu ni mambo mawili mbalimbali, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Balaa ni mbiu ikipigwa mwili mzima. Tulimpeleka zahanati moja, tukapewa paracetamoli, tukarudi naye. Usiku akatetemeka, akahema mbiombio, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Mkewe akadhani malaria. Kipimo hakikuonyesha malaria.

Hospitali, daktari alimbonyeza goti kwa kidole gumba, akaachia, akawa anahesabu. Weupe unatakiwa uondoke ndani ya sekunde mbili tatu. Tulipita tano. Ngozi ya magoti ilikuwa na mabaka ya zambarau, rangi ileile ya zabibu zetu. Presha imeshuka, mkojo hakuna. Akasema hii ni sepsisi, yaani ndiyo hiyo mbiu kupigwa mwili mzima hadi mwili unajidhuru wenyewe.

Alinieleza taratibu, na nimekuwa nikiyawaza tangu hapo. Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba wa seli, na siku zote kazi yake mojawapo ni kuzuia damu isigande ovyo. Sumu za bakteria na kemikali za chembe nyeupe zikiuzidi nguvu, utando huo unageuka: unaanza kuchochea kuganda. Mabonge madogo yasiyoonekana kwa macho yanaziba vishipa vya figo, vya mapafu, vya vidole. Wakati huohuo mishipa inalegea na kuvujisha maji, presha inaporomoka. Na kwa kuwa damu inaganda kila mahali, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, na protini za kugandisha zinatumika zote. Akiba ikiisha, palipotobolewa hapazibiki. Ndiyo maana Mjomba alikuwa anachuruzika damu pale ilipoingia sindano ya dripu, pamba baada ya pamba, ilhali vidole vya mguu wake vinakufa kwa kukosa damu. Nilimwona kwa macho yangu, Rehema, mtu mmoja, kitanda kimoja.

Antibayotiki za mshipa zilianza saa ileile, pamoja na maji na dawa ya kupandisha presha. Mimi na kaka tulichangia damu. Yule wa zahanati simchukii, lakini kama angemtazama tu anavyohema na kuuangalia ule mguu, tungeokoa siku nzima. Ugonjwa huu hausubiri kesho. Inakadiriwa uliua watu milioni 11 duniani mwaka 2017 peke yake, na wengi wetu jina lake hatulijui.

Sasa nakuomba jambo moja. Mama ana sukari, na mwenye sukari anaweza kuwa na kidonda asisikie maumivu. Mkague nyayo kila jioni, hadi katikati ya vidole. Ukiona homa pamoja na kuhema haraka, kuchanganyikiwa au mkojo kupungua, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali.

Mjomba amekatwa vidole viwili. Figo zimeamka. Jana ameomba ugali wa uwele na mlenda, nikampelekea, akala matonge matatu.

Wako,
Neema