Dari la mgahawa lifikirie na masikio

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye migahawa na hoteli, pamoja na wanaowachorea ramani. Mimi ni fundi wa dari. Nafunga fremu za chuma, napiga skrubu bodi za jipsamu, kisha naziskimu mpaka ziwe laini kama ganda la yai. Ulaini huo ndio unaonilipa, na ndio ulioniandikisha barua hii.

Mteja huja na picha kwenye simu. Anataka dari la ngazi tatu, duara katikati, na taa za mkanda zinazobadili rangi. Sina ugomvi na urembo, ndiyo kazi yangu. Ila huwa namuuliza: sakafu ni ya nini? Vigae. Ukuta wa mbele? Kioo. Meza? Marumaru. Basi tukifunika na juu kwa jipsamu tupu, sauti haina pa kufia. Ukumbi ukijaa, meza hii inapaza sauti ili ishinde ile, na ile nayo inapaza zaidi. Mhudumu anainama mpaka sikio linakaribia mdomo wa mteja, na bado anauliza agizo mara ya pili. Wazee na wenye usikivu hafifu wanaumia kuliko wote. Wananyamaza, wanakula, wanaondoka.

Tatizo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakueleweka kwa mwangwi. Usiku kukiwa kimya alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda wa sauti kuzimika. Mito ilivyoongezeka ndivyo sauti ilivyowahi kufa. Mgahawani hakuna anayeweza kutandaza mito sakafuni. Sehemu kubwa iliyobaki ni dari, ambalo viti havilikwaruzi wala dekio haliligusi.

Na wala si lazima liwe baya. Ipo jipsamu yenye matundu, ambayo nyuma yake hubandikwa kitambaa chepesi, kisha juu tunaacha nafasi na kuweka pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe zinazomeza sauti. Zipo fito za mbao zinazopangwa kwa kuachana, na pamba hiyohiyo ikajificha juu yake. Ukumbi unapata joto la mbao na sauti inapita katikati ya fito. Mafundi rangi nao nawaomba: dari la matundu lipakwe kwa rola ya manyoya mafupi, rangi kidogo kidogo. Ukipuliza kwa mashine, rangi inaziba kitambaa kile na dari linarudi kuwa jipsamu ya kawaida yenye vitobo vya mapambo.

Ngazi tatu nazo zinahitaji kimo. Wanaonionyesha picha za Le Train Bleu, mgahawa wa mwaka 1901 ndani ya stesheni ya Gare de Lyon, Paris, waangalie dari lile lenye michoro na dhahabu liko juu kiasi gani. Kila ngazi inashusha dari, na katika ukumbi mfupi mteja anahisi limemkalia kichwani.

Jambo moja sikubali kabisa hata nikiongezewa malipo: kubandika sponji ya kawaida darini kwa sababu ni rahisi na inameza sauti. Mwaka 2003, katika klabu ya usiku huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzuia kelele, na watu 100 wakafa. Mwenye hoteli, kabla hujalipia chochote cha kuweka juu ya vichwa vya wateja, dai cheti cha kipimo chake cha moto, ukisome mwenyewe. Fundi akikwambia hakihitajiki, tafuta mwingine.

Fundi wa dari