Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, tukimkumbuka Mama Wakili

Ndugu zetu wa Mwanza, mlioko Kirumba, Mabatini, Igoma, Buhongwa, nanyi mlio Ukerewe na Sengerema, heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya. Stendi zimefurika, mvua haina ratiba, na Mahakama Kuu iko kwenye likizo yake ya kila mwaka, Desemba 15 hadi Januari 31.

Hii ni sikukuu ya kwanza bila Mama Wakili, wakili wetu wa mambo ya mirathi, aliyetutoka. Mwezi huu mawakili wengi hufunga majalada. Yeye ndipo alipokuwa akiyafungua. Ukoo uliotawanyika Dar, Kahama na Geita hukutana mara moja kwa mwaka, basi aliwahimiza watu: mkishakula pilau na sato, kaeni kikao cha mirathi kabla watoto wa mjini hawajakimbilia mabasi.

Muhtasari wa kikao aliutaka uwe na tarehe na mahali, jina la marehemu na siku aliyofariki, waliohudhuria na undugu wao naye, warithi wote, mali, madeni, kisha jina la msimamizi wa mirathi anayependekezwa, yaani atakayekusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Kila mtu asaini mwenyewe. Saini kumi za mwandiko mmoja zilimkera kupita kiasi, kwani mpinzani huanzia hapo hapo. Vilevile watoto wa nje ya ndoa wasifichwe kwa kuona haya. Wakijitokeza baadaye, usimamizi wote unaweza kutenguliwa.

Kikao hakigawi mali. Kinapendekeza tu, mahakama ndiyo inayoteua. Ukiwa na muhtasari na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, unajaza Fomu Na. 1 ya kuomba usimamizi Mahakama ya Mwanzo, ikiwa marehemu aliishi kwa kufuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama maisha yake hayakuwa hivyo, shauri lina mahakama yake ya juu zaidi, na ukikosea mlango kazi yote inafutwa. Angalieni na majina: cheti kina la ubatizo, benki ina la babu, kitambulisho cha NIDA kina la tatu. Kiapo cha majina, cha kuthibitisha kuwa yote ni ya mtu mmoja, kiandaliwe mapema.

Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5 ya mali na madeni, na Na. 6 ya hesabu. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu akipata barua ya usimamizi hujiona mrithi pekee, anaanza kukusanya kodi za vyumba, fomu hazirudi. Mama Wakili alikuwa na kaunta buku la tarehe hizo, na akikukuta sokoni alikukumbusha mbele za watu, bila soni yoyote.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kumwakilisha mtu Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo aliwafundisha watu kujieleza wenyewe, barazani kwake, na malipo mara nyingi yalikuwa dagaa au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko kesi zote alizoshinda.

Januari nayo ina yake. Ada za shule hufanya viwanja viuzwe haraka haraka kwa kikaratasi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Majirani wa mipaka wawepo, na fedha zipite benki ili ushahidi ubaki.

Na likizo isikudanganye. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, Krismasi ikiwa ndani yake.

Kaunta buku lake sasa linatunzwa na wasaidizi wa kisheria aliowalea. Wiki ya Sheria, ambapo mahakama na wadau hutoa elimu ya sheria kwa wananchi, ikifika mwishoni mwa Januari, njooni mabandani na nakala za nyaraka zenu. Hati halisi ziacheni nyumbani, mahali pakavu.