Barua kwa mwanangu: homa za mtoto zinazorudi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mume wako na kwa mjukuu wangu. Ujumbe wako nimeusoma. Homa imerudi wiki mbili tu baada ya kumaliza dawa, na kila mkienda mnapewa jina jipya: leo malaria, kesho kifua, keshokutwa meno. Mtoto wa miezi tisa akiugua namna hii lazima atafutiwe sababu, na wewe mamake una haki ya kuuliza mpaka ijulikane. Nakuandikia kwa kirefu ili uwe na kitu cha kurejelea usiku akichemka.

Jambo la kulishika kuliko yote ni hili: kipimo kichukuliwe kabla ya dawa. Ukimpa amoksilini ya duka la dawa asubuhi, halafu jioni ukaenda maabara, bakteria waliokuwa kwenye mkojo au damu huwa wameshapungua kiasi cha kutoota. Majibu yanarudi safi, dawa inaisha, homa inarudi. Watoto wengi huzunguka hivyo miezi na miezi bila jibu. Dawa ya kushusha homa haiharibu kipimo, hiyo mpe. Antibayotiki ndiyo ingoje, isipokuwa mtoto akiwa mahututi; hapo matibabu hayasubiri karatasi ya maabara.

Usiogope kila mafua. Mtoto mwenye afya njema huweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na zaidi akiwa na ndugu wanaokwenda shule. Homa huisha siku mbili tatu, kikohozi kikaburura wiki mbili, lakini katikati yake anacheza, ananyonya na uzito unapanda. Kwa hiyo fungua kitabu cha kliniki, ule ukurasa wa mchoro wa uzito. Mstari wake ukilala bapa au kushuka kwa kliniki mbili zinazofuatana, hilo lina uzito kuliko idadi ya homa. Mengine yanayotaka uchunguzi wa kina ni nimonia mbili ndani ya mwaka mmoja, majipu ya ndani yanayorudi, utando mweupe mdomoni usiokwisha kwa dawa, na homa ambayo kila mara haitulii mpaka alazwe adungwe. Meno yasisingiziwe: huleta udenda na usumbufu, hayaleti homa ya 39.

Nunua daftari. Nataka uandike hivi: "Jumanne saa tisa usiku, 38.6 kwapani. Hakohoi, pua kavu. Amenyonya nusu. Nepi zilizolowa tangu asubuhi: tatu. Parasetamoli 120 kwa mililita 5, nimempa mililita 5. Jana: tumemtembelea shangazi, amevalishwa nguo za sandukuni." Andika na siku alizokuwa mzima, maana nafasi kati ya homa moja na nyingine nayo ni ushahidi. Karatasi za maabara zibane humo humo, na chupa za dawa zipige picha upande wenye maandishi.

Daktari akilisoma daftari la namna hiyo huona mambo ambayo ziara moja haimwonyeshi. Homa isiyo na kikohozi wala mafua humpeleka kwenye mkojo. Nimonia inayorudi upande ule ule wa pafu humfanya ashuku kitu kilichompalia mtoto, karanga kwa mfano, au njia ya hewa iliyobanwa. Mtoto anayetoka jasho la kipaji akinyonya, anayeachia ziwa kuhema kisha anarudi, apimwe moyo. Anayelegea kila akikaa saa nyingi bila kula apimwe sukari wakati ule ule, kabla ya kuwekewa dripu. Kuna pia homa zinazokuja kama zina kalenda, kila wiki tatu hadi sita, na katikati mtoto ni mzima kabisa. Baadhi hurithiwa, na mojawapo huonekana sana katika koo zenye asili ya Uarabuni. Kwa kuwa huku kwetu ndoa za binamu ni nyingi, mwambie daktari wazi kama nyinyi mna udugu, na kama upande wowote kuna watoto waliofariki wachanga, hasa wavulana wa upande wa mama. Hilo si la kufichwa.

Sasa mkojo, kwa sababu ndio unaosahauliwa zaidi. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtoto wa umri huu hayana dalili nyingine ya kuonekana zaidi ya homa na kutapika. Ule mfuko wa plastiki unaobandikwa huchafuliwa na ngozi na kinyesi: ukisema hakuna kitu unaweza kuaminika, ukisema kuna bakteria huwezi kujua wametoka wapi. Afadhali ukinge. Omba maabara kikopo chao kilichotakaswa. Mnyonyeshe, ngoja kama dakika ishirini, mvue nepi, msafishe kwa maji na sabuni kutoka mbele kwenda nyuma, umsuuze na kumkausha. Mtu mmoja ambebe, mwingine ashike kikopo. Chovya pamba kwenye maji baridi umsugue taratibu chini ya kitovu kwa mzunguko, mpaka dakika tano, baadhi hukojoa. Matone ya kwanza yaache yaanguke, kinga yanayofuata, usiguse ndani ya kikopo wala mfuniko. Mililita tano hadi kumi zinatosha.

Mkojo huo ufike maabara ndani ya saa moja. Kwa joto la Mombasa bakteria huzaana ndani ya kikopo, na wewe uko Likoni, foleni ya feri huijui itakwisha saa ngapi. Ndiyo maana nakwambia mkinge huko huko hospitalini, si nyumbani. Ikishindikana, uweke kwenye chombo chenye barafu, bila kugandishwa. Omba uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara, usikubali kijiti cha rangi kinachochovywa peke yake: watoto hukojoa mara kwa mara, mkojo haukai kwenye kibofu muda wa kutosha, na kijiti kinaweza kukosa. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu na hutaja dawa inayofaa. Yakithibitika, na hasa yakirudi, aombewe picha ya figo ya ultrasaundi.

Malaria nayo ina mtego wake. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja baada ya dawa, mistari miwili haithibitishi kwamba ana malaria sasa. Taka slaidi isomwe kwa hadubini. Na ikiwa kweli ipo, kagua dawa ilivyotolewa: artemetha na lumefantrini kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, sita kwa jumla, na kila kimoja pamoja na maziwa kwa sababu dawa huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Kisha damu yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mwenye jeni moja la selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu kupinda kama mundu, hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hilo ni jingi Pwani. Mtoto aliyerithi mawili, moja kwa baba na moja kwa mama, huanza kuugua karibu na miezi sita, pale himoglobini ya utotoni (himoglobini ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu) inapopungua. Angalia vidole vya mikono na miguu kama vinavimba na kuuma, macho kama ni ya manjano, viganja kama vimepauka, upande wa kushoto wa tumbo chini ya mbavu kama kuna bandama iliyokua. Kipimo cha bei nafuu cha kuona chembe zikipinda hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Omba elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake, itakayosema AA (hana), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa), na ichukuliwe kabla ya kuongezwa damu. Baada ya hapo damu ya mtu mwingine huchanganya majibu kwa miezi mitatu hivi. Akiwa SS, penisilini ya kunywa mara mbili kila siku huanza mara moja, maana kinachowaua mapema ni maambukizi ya ghafla, na hayo yanazuilika.

Damu ina jambo la pili, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, nao upo sana Pwani. Hapa nakuomba ukumbuke nguo za sandukuni. Naftalini, zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, hupasua chembe nyekundu za mtoto mwenye upungufu huu, na mafuta aliyopakwa mwilini hurahisisha sumu kupenya ngozini. Siku moja hadi tatu baadaye mtoto hupauka, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Dawa za salfa huweza kufanya vivyo hivyo. Ondoa naftalini chumbani mwa mtoto, na vyote vilivyokaa nayo vifuliwe na kuanikwa nje kabla hajavalishwa. Tahadhari moja: kipimo cha G6PD kikifanywa katikati ya shambulio huweza kudanganya kwamba yuko sawa, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi mitatu.

Mengine nayapitia haraka, lakini yasirukwe. Kipimo chako cha virusi vya ukimwi cha wakati wa mimba hakizungumzii miezi ya kunyonyesha. Kirudiwe, na mtoto akihitaji kupimwa kabla ya miezi 18 iwe PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, kwa kuwa kipimo cha kawaida huweza kuonyesha kingamwili zako. Yeyote nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu. Mtoto hawezi kutoa makohozi, ila siku hizi choo chake chaweza kupimwa kwa mashine. Hesabu kamili ya damu, ile inayoandikwa FHG, irudiwe akiwa mzima: limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, zikiwa chini tena na tena, daktari aangalie kinga ya mwili. Chanjo ya surua ya miezi tisa usiiahirishe kwa mafua madogo, ila kama kinga ya mwili inashukiwa kuwa dhaifu, uliza kwanza.

Nyumbani, anza na maji. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, nalo lina vinyweleo, na kisima kilicho karibu na shimo la choo hupokea yaliyomo. Ya mkokoteni nayo hujui yalikotekwa. Chemsha mpaka yatokote vizuri, yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, umlishe kwa kikombe na kijiko, maana shingo na chuchu ya chupa havisafishiki sawasawa. Akihara, mpe maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14.

Ubani na udi siwezi kukukataza, ni desturi ya nyumba zetu. Fukiza nguo mtoto akiwa nje, chumba kipate hewa kwanza. Moshi wa jiko la makaa na dawa ya mbu ya kuwasha vinaumiza mapafu yake vile vile. Wanja wa manga usimpake: mara nyingi una madini ya risasi, yanayoharibu damu na ubongo. Na atakayekushauri akatwe kimeo ili kikohozi kiishe, mkatalie kwa heshima lakini usilegee. Kimeo hakileti kikohozi, na kukikata kumewatoa damu watoto mpaka wakafa.

Usiku wa homa: parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Kwa kilo 8 na sharubati ya 120 kwa mililita 5, mililita 5 ndiyo mwisho wake kwa mara moja. Pima kwa sirinji. Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Hamsini au zaidi kwa umri wake ni haraka mno. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akikataa ziwa kabisa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usimngoje asubuhi. Nenda.

Kwa ziara ijayo chagua daktari mmoja wa watoto ubaki naye. Mwulize: "Tumeshaondoa nini, na kimebaki nini?" Majibu yaandikwe daftarini mbele yake. Akiona haja ya kumpeleka Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, omba barua ya rufaa yenye orodha ya vipimo vilivyofanyika, ili wasianze upya. Hakikisha pia mtoto ameongezwa kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kama mtegemezi wenu kabla hajahitaji kulazwa.

Nitumie leo picha ya ule ukurasa wa uzito, na uniambie himoglobini ya mwisho ilikuwa ngapi.

Mamako